Mkunga Anapomsoma Isaya

Katika sura ya 42 ya Isaya kuna mistari miwili inayofuatana, na wahubiri wengi niliowasikia husoma wa kwanza na kuuruka wa pili. Mstari wa 13 unamwonyesha Bwana akitoka kama shujaa wa vita, akipaza sauti, akiwashinda adui zake. Huo unapendwa mno. Utausikia kwenye mikesha, kwenye mifungo, kwenye maombi ya kuvunja nguvu za giza. Mstari wa 14 unaendelea papo hapo, na safari hii anayesema ni Mungu mwenyewe. Anasema amenyamaza siku nyingi, amejizuia, na sasa atalia kama mwanamke anayejifungua, atahema na kutweta. Halafu zinafuata kazi za sauti hiyo: vilima vinakuwa ukiwa, mito inakauka, na vipofu wanaongozwa katika njia wasiyoijua.

Nimefanya kazi ya ukunga karibu maisha yangu yote ya utu uzima, sehemu kubwa katika zahanati za vijijini wilayani Mbulu, kule juu ambako baridi ya Julai huingia mpaka kwenye mifupa na mama hufika kwa miguu au kwa machela ya miti. Sijawahi kwenda vitani. Mstari wa 13 naupokea kwa imani. Wa 14 naujua kwa masikio yangu. Ndiyo maana nimeona niandike. Mistari inayomsema Mungu kwa picha za mwanamke ni mingi katika Biblia kuliko waumini wengi wanavyodhani, inafundishwa kwa nadra, na inapofundishwa mara nyingi huondolewa makali yake.

Kwetu mama mwenye uchungu hufunzwa kujikaza. Kupiga kelele ni aibu, na mama mkwe aliyekaa kwenye benchi nje ataisikia na ataisimulia. Kwa hiyo saa nyingi za mwanzo leba huwa kimya. Mama anashika ukingo wa kitanda, anauma pindo la kanga, jasho linamtoka kwenye paji la uso hata kama nje kuna ukungu. Ukimuuliza anaendeleaje, anatikisa kichwa tu. Mgeni akichungulia ataona mtu aliyelala bila kufanya lolote. Mimi nikiweka kiganja juu ya tumbo nasikia linavyokaza na kulegea, nahesabu, naandika kwenye patografu, chati ya kufuatilia uchungu, na najua kwamba ndani ya ukimya ule kazi kubwa inaendelea. Kisha njia inafunguka yote, na sauti inabadilika. Haitoki tena kooni, inatoka chini ya kifua. Si kilio cha mtu aliyeshindwa. Aliye nje ya mlango hudhani mama anakufa, na sisi tulio ndani tunavaa glavu kwa sababu mtoto anakuja.

Sasa soma tena Isaya ukiwa na sauti hiyo masikioni. Waliokusudiwa kuusikia ujumbe huu ni watu walioshindwa. Mwaka 586 kabla ya Kristo majeshi ya Babeli yaliuteketeza mji wa Yerusalemu pamoja na hekalu lake, na watu wakachukuliwa mateka. Wasomi wengi wa Biblia wanakubaliana kwamba sura ya 40 mpaka ya 55 zinazungumza na kizazi cha uhamishoni, karibu na wakati ambapo Koreshi wa Uajemi, anayetajwa kwa jina katika sura ya 45, alikuwa anajongea kuitwaa Babeli. Aliitwaa mwaka 539. Hesabu hiyo miaka. Kuna waliozaliwa ugenini wakazeeka ugenini, wakiuliza mbona Mungu wa baba zao hasemi kitu. Nabii anawajibu kwa mstari wa 14: ukimya ule ulikuwa wa leba. Mungu hakulala wala hakuondoka. Alikuwa katika kazi ambayo aliye nje ya mlango hawezi kuiona, na sasa imefika saa ya kusukuma.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mahubiri mengi ya Jumapili ya akina mama. Tumezoea kugawa: ya baba ni nguvu, sheria na ulinzi, ya mama ni upole, machozi na faraja. Tunachapa “Nani kama mama” kwenye kanga, na mimi nayaamini maneno hayo. Lakini nabii hakuileta picha ya mama ili kuwabembeleza waliokata tamaa tu. Aliweka shujaa na mzazi mahali pamoja kwa sababu wote wawili wanapaza sauti, na wote wawili wanakwenda mahali ambapo mtu anaweza kufa. Siku zile hapakuwa na upasuaji wala dawa ya kuzuia damu. Aliyesikia neno “kujifungua” alisikia hatari na ushujaa kabla hajasikia upole. Tukiisoma picha hii kama pambo laini, tumeisoma nusu.

Kitabu hicho hicho kina mfano mwingine wa leba ambao hunigusa kuliko mifano yote. Mwaka 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru aliuzingira Yerusalemu. Mfalme Hezekia akatuma watu kwa Isaya, na ujumbe wao, katika sura ya 37, ulikuwa kwamba watoto wamefika mlangoni mwa kuzaliwa na nguvu za kuwazaa hazipo. Mkunga yeyote akisoma pale anasimama. Huo ndio uchungu pingamizi. Mtoto ameshuka, kichwa kimekwama, mama amesukuma usiku kucha mpaka midomo imekauka, na hospitali yenye chumba cha upasuaji iko ng’ambo ya bonde ambalo mvua imelikata. Nimewahi kukaa na mama wa namna hiyo nikisikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa fetoskopu, kila baada ya dakika chache, huku gari likisubiriwa. Mfalme wa Yuda, mwanaume mwenye jeshi na walinzi, alipotafuta namna ya kueleza kwamba taifa limefika mwisho wa uwezo wake, alikuta hakuna picha kali kuliko hiyo.

Sasa vuka mpaka sura ya mwisho ya kitabu, ya 66. Mstari wa 9, Mungu anauliza kama yeye atamfikisha mtoto mpaka mlango wa kuzaliwa kisha asimzalishe, kama yeye anayezalisha atalifunga tumbo. Kati ya ujumbe wa Hezekia na jibu hilo kuna sura karibu thelathini, lakini kwangu mimi ni mazungumzo mamoja. Na hapo Mungu anashika kazi ya mkunga, ambayo katika Israeli ilikuwa ya wanawake. Kutoka sura ya 1 inawataja wawili kwa majina, Shifra na Pua. Zaburi ya 22 inasema vivyo hivyo: mtu anayeteseka anakumbuka kwamba Mungu ndiye aliyemtoa tumboni na kumlaza salama kifuani mwa mama yake. Zaburi hiyo ndiyo Yesu aliyoililia msalabani. Tunakumbuka mstari wake wa kwanza, wa kuachwa. Mistari ya 9 na 10, yenye mikono ya mkunga, tunaipita.

Mifano ya Agano la Kale ni mingi na haifanani. Katika Kumbukumbu la Torati 32:18 Mungu ni mwamba aliyewazaa Waisraeli wakamsahau, na kitenzi cha pili cha Kiebrania pale ni kile kinachotumika kwa mwanamke anayejinyonga kwa uchungu, kwa hiyo hatuwezi kusema ni baba tu anayetajwa. Katika Hesabu 11 Musa amechoka na manung’uniko ya watu jangwani, na anamuuliza Mungu kama ni yeye Musa aliyechukua mimba ya watu hawa, yeye aliyewazaa, hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi abebavyo mtoto anyonyaye. Maana ya malalamiko yake iko wazi: mwenye mimba hii ni Wewe. Katika Ayubu 38 Mungu anauliza barafu imetoka tumboni mwa nani. Hosea 13 inamwonyesha kama dubu aliyenyang’anywa watoto wake, anayerarua vifua. Huko hakuna upole hata kidogo. Anayedhani kumsema Mungu kwa picha ya mama ni kumfanya dhaifu, akae kwanza na huyo dubu.

Kuna sehemu nyingine ninayoipenda mno, nayo ni Isaya 46. Inaanza na miungu ya Babeli, Beli na Nebo. Babeli ilikuwa na desturi ya kuzipitisha sanamu za miungu barabarani kwa maandamano makubwa, hasa sikukuu ya mwaka mpya. Nabii anazionyesha zikiwa mizigo juu ya wanyama waliochoka, zikiyumba, zikikaribia kuanguka, na hatimaye zinakwenda utumwani pamoja na waliozibeba. Kisha Mungu wa Israeli anasema kwamba yeye ndiye aliyewabeba watu wake tangu tumboni, na atawabeba mpaka mvi. Kwa hiyo swali la sura nzima ni moja: je, mungu wako unambeba wewe, au yeye anakubeba? Isaya hakuandika neno “mama” katika mistari hiyo, na msomaji mwaminifu asimlishe maneno. Lakini habari inaanzia tumboni, na watu wa kwetu wanajua anayemtoa mtu tumboni na kuendelea kumbeba ni nani. Nilipoisoma sura hii katika ibada ya nyumba kwa nyumba, bibi mmoja aliyekuwa na mjukuu mgongoni aliivuta mbeleko, akalikaza fundo kifuani, akasema, “Huyu basi namwelewa.” Hakuongeza neno, wala mimi sikuongeza.

Isaya 49 inahitaji uangalifu zaidi. Sayuni analia kwamba Bwana amemsahau. Mungu anamuuliza kama mwanamke anaweza kumsahau mtoto wake anayenyonya. Wengi huishia hapo na kusema, haiwezekani! Nabii hakusema hivyo. Aliendelea: hata hao waweza kusahau, mimi sitakusahau, nimekuchora katika viganja vyangu. Nilimhudumia binti mmoja aliyejifungua salama kisha akageukia ukuta. Hakutaka kumtazama mtoto. Tulimweka mtoto kifuani pake, akamwondoa kwa mkono taratibu, bila hasira, kama mtu anayesogeza kitu kisicho chake. Sitasema habari zake zaidi ya hapo; alikuwa na sababu ambazo hakuna msichana anayepaswa kuwa nazo. Tangu hapo siwezi kuhubiri kwamba mama hasahau. Na wako waumini waliolelewa na shangazi au na bibi kwa sababu mama aliondoka, ambao mahubiri ya “Mungu ni kama mama yako” huwachoma kama vile “Mungu ni kama baba yako” yanavyomchoma aliyepigwa na babake. Isaya aliliona hilo zamani. Anaichukua picha ya mama, anakwenda nayo mpaka mwisho wa uwezo wake, kisha anaiacha nyuma na Mungu anaendelea mbele peke yake.

Baada ya somo moja la namna hii, mwinjilisti mzee wa mtaa wetu aliniita pembeni. Nilimwamkia, akaitikia, akanyamaza kidogo.

“Sista,” akasema, maana mpaka leo hilo ndilo jina langu kule, “umesoma vizuri. Lakini ukiendelea hivi, kesho watu wataniambia kuna mungu mke.”

“Baba Mwinjilisti, nimeongeza neno lisilokuwamo?”

“Hukuongeza. Ndiyo maana naogopa.”

Namheshimu kwa jibu lile, na hofu yake ina historia. Israeli waliishi katikati ya watu walioabudu miungu wake. Ashera anatajwa mara nyingi katika Agano la Kale. 1 Wafalme 18 inataja manabii wake 400 waliokula mezani pa Yezebeli. 2 Wafalme 23 inasema kwamba mfalme Yosia alipolisafisha hekalu alikuta humo vyumba ambamo wanawake walimfumia Ashera vitambaa. Yeremia 44 inawaonyesha wakimbizi wa Yuda huko Misri wakimwambia nabii usoni kwamba mambo yao yaliharibika siku walipoacha kumfukizia uvumba Malkia wa Mbinguni. Na ardhi imethibitisha kwamba manabii hawakuwa wakizua. Mwaka 1975 na 1976 waakiolojia walichimba mahali panapoitwa Kuntillet Ajrud, katika jangwa la Sinai, wakapata maandishi ya takriban mwaka 800 kabla ya Kristo yanayobariki watu kwa jina la Yahwe “na Ashera wake”. Wasomi wanabishana kama hapo Ashera ni mungu au ni nguzo ya ibada, lakini hakuna anayekana kwamba mambo hayo mawili yaliwahi kuwekwa pamoja.

Kwa hiyo manabii walikuwa na kila sababu ya kuiogopa lugha ya mama. Cha kushangaza ni kwamba wameitumia, na wameitumia zaidi pale ambapo imani ya Mungu mmoja imefikia kilele. Sura za Isaya zinazorudia kwa nguvu kuliko zote kwamba hakuna Mungu mwingine, ndizo hizo hizo zinazojaa tumbo, uchungu na kunyonyesha. Nabii hakumletea Mungu mke. Alikataa kumwachia Ashera picha za uzazi. Aliyezaa, aliyebeba, aliyenyonyesha ni huyu huyu Mmoja, basi huna haja ya kwenda kutafuta mama mwingine mbinguni. Nilimweleza mwinjilisti hivyo. Alifikiri, akasema atakwenda kuisoma Isaya 45 tena usiku, na nina hakika aliisoma.

Hofu yake ina sababu nyingine ninayoikubali. Hakuna sala katika Biblia inayomwita Mungu “Mama”. Yesu alisema Baba, akatufundisha kusema Baba, na Agano Jipya limejaa jina hilo. Mimi nasali Baba Yetu asubuhi na jioni na sitaki ibadilishwe. Lakini Baba si habari ya jinsia ya Mungu. Kumbukumbu la Torati 4 inawakumbusha Waisraeli kwamba siku ile Horebu hawakuona umbo lolote, kwa hiyo wasijifanyie sanamu ya mwanaume wala ya mwanamke. Na ya mwanaume imetajwa kwanza. Katika Hosea 11, sura ambayo Mungu anamfundisha Efraimu kutembea na kuinama kumlisha, yeye mwenyewe anasema kwamba ni Mungu wala si mtu. Anayemwazia Mungu kuwa mwanaume kichwani mwake amechonga sanamu ile ile iliyokatazwa, ila ameiweka mahali ambapo Yosia hawezi kuifikia.

Kanisa limelijua hili muda mrefu. Katika karne ya 4 Gregory wa Nazianzus aliwakemea waliodhani Mungu ni dume kwa sababu ya jinsia ya maneno. John Calvin, ambaye hakuna anayeweza kumshuku kwa ulegevu, alipoifafanua Isaya 49 aliandika kwamba Mungu hakuridhika na mfano wa baba, akajifananisha na mama ili kuonyesha ukubwa wa upendo wake. Huko Uingereza, Julian wa Norwich, mwanamke aliyepata maono akiwa mgonjwa mahututi mwaka 1373, aliandika kurasa nyingi juu ya Kristo kama mama. Papa Yohane Paulo wa Kwanza, katika siku chache alizokaa madarakani mwaka 1978, aliwaambia watu kwamba Mungu ni baba, na zaidi ni mama. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 239, inasema waziwazi kwamba Mungu si mwanaume wala mwanamke, na kwamba wema wake wa mzazi waweza kuelezwa pia kwa picha ya umama. Barani kwetu, Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake walianzisha mwaka 1989 mduara wa wanawake wanateolojia wa Afrika, ambao umewapa wanawake wengi ujasiri wa kuifungua Biblia kwa macho yao. Hapa Tanzania, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri (KKKT) lilikubali kuwabariki wanawake kuwa wachungaji mwaka 1990. Nimeona tofauti. Mchungaji aliyewahi kunyonyesha hawezi kuipita Isaya 66:11 akikimbia.

Watu wa Mbulu wenyewe wana la kusema hapa. Wairaqw katika imani yao ya asili humwita Mungu Looa, naye ni mama, anayehusishwa na jua. Marehemu Profesa John Mbiti wa Kenya, katika vitabu vyake vya imani za Kiafrika, aliandika pia juu ya Wanuba wa Sudan wanaomwita Mungu Mama Mkuu. Sisemi kwamba Looa ni Yahwe. Hilo nawaachia wanateolojia. Nasema niliyoyaona. Vikongwe waliobatizwa ukubwani waliposomewa kwamba Mungu atawafariji kama mama amfarijivyo mtu, waliitikia kwa kichwa na somo likaendelea. Waliokunja uso walikuwa vijana wa kwaya, waliolelewa kanisani tangu utotoni. Mahali fulani katikati tuliwafundisha vijana wetu kuona ajabu kitu ambacho Biblia inakisema na bibi zao wanakijua.

Zaburi ya 131 ni fupi, mistari mitatu tu, na wengi huipenda bila kuitazama vizuri. Mtunzi anasema ameituliza nafsi yake kama mtoto aliyeachishwa kunyonya akiwa kwa mama yake. Si mtoto mchanga. Siku zile mtoto alinyonya mpaka miaka mitatu hivi. Anayenyonya akipakatwa anatafuta titi, anahangaika, anavuta nguo. Aliyeachishwa anakaa tu, hana anachodai. Amemtaka mama mwenyewe. Sala ya namna hiyo ni ngumu, na sijafika.

Kwa Yesu, watu hutaja kuku na vifaranga, na wanataja kama jambo la kupendeza. Luka sura ya 13 haipendezi hivyo. Mafarisayo wanamjia Yesu kumwambia akimbie, Herode anataka kumwua. Yesu anamwita Herode mbweha. Mistari miwili mbele anasema alivyotamani kuwakusanya watoto wa Yerusalemu kama kuku akusanyavyo vifaranga chini ya mabawa. Mbweha na kuku katika mazungumzo hayo hayo! Mfugaji yeyote anajua mwisho wa mkutano huo. Kuku hana meno wala kucha za kumshinda mbweha. Ana mwili wake tu, anautandaza juu ya watoto, na mbweha akimpata humpata yeye kwanza. Yesu alijua anakwenda Yerusalemu kufanya nini, na katika wanyama wote wenye nguvu ambao manabii waliwahi kuwataja, akamchagua huyo.

Halafu iko Luka 15, ambako ndiko ningependa kuwaacha wasomaji wangu. Yesu analaumiwa kwa kula na wenye dhambi, anajibu kwa mifano mitatu mfululizo. Mchungaji anayemtafuta kondoo tunamjua. Ana picha ukutani na nyimbo nyingi. Baba anayemkimbilia mwana mpotevu ana mahubiri kila mwaka. Katikati yao yuko mwanamke mwenye drakma kumi aliyepoteza moja, sarafu yenye thamani ya takriban ujira wa siku wa kibarua. Nyumba za maskini zilikuwa na giza, kwa hiyo anawasha taa. Anafagia. Anainama chini ya kila kitu, anatafuta kwa bidii mpaka aione, kisha anawaita rafiki zake na majirani wanawake wafurahi pamoja naye. Ikiwa mchungaji ni Mungu, na baba ni Mungu, basi hakuna sheria yoyote ya kusoma inayoruhusu kumruka aliye katikati. Yesu hakuona tabu kuwaambia wanaume waliomlaumu kwamba Mungu yuko kama huyo mama, ameshika fagio, amepiga magoti sakafuni, na hataki kuacha.

Walimu wa shule ya Jumapili, nawaomba ninyi kwanza, kwa sababu wachungaji wana ratiba yao ya masomo na ninyi mna uhuru zaidi. Mkifika Luka 15, msiishie kwa kondoo. Chukueni taa na fagio, mwacheni mtoto wa kike acheze nafasi ya yule mwanamke mbele ya wenzake, na mtakapouliza Mungu ni nani katika hadithi hii, mwacheni ajibu, “Ni huyu.”